Nyota nne kwa mshauri aliyekataa kunipa jina la ugonjwa siku ya kwanza

Mimi ni fundi magari, nina miaka 44, na tathmini zote nilizowahi kuandika ni za spana, jeki na mafuta ya breki. Hii naiandika kwa sababu kabla sijaenda nilitafuta mtu aliyeeleza yanayofanyika mle chumbani mpaka mtu aambiwe ana sonona, ugonjwa ambao wengine huuita unyogovu, nikamkosa. Niliwapata wa kusema "wamenisaidia mno, Mungu awabariki" na wa kusema "wezi wakubwa hao". Hakuna aliyesema aliulizwa nini, na kwa nini aliulizwa.

Ninachokisemea hapa ni upimaji wenyewe. Matibabu bado naendelea nayo, na gari ambalo halijatoka gereji silisifii. Ofisi siitaji, wala ile ya kwanza niliyoikimbia.

Kilichonipeleka ni nati nne za gurudumu. Nilikuwa nimebadilisha pedi za breki za mbele kwenye gari la mteja, jeki nimeshusha, mikono nimenawa, funguo ninazo mkononi nataka kumkabidhi. Kijana wangu wa kazi akapita na spana, maana nimemfundisha apite nyuma ya kila mtu, hata mimi. Nati moja ilikuwa imekazwa. Nne zilikuwa za vidole tu. Hakusema neno. Akazikaza, akafuta spana, akaniangalia kidogo halafu akatazama chini. Afadhali angenitukana.

Miaka 22 kwenye kazi hii halijawahi kunitokea. Lakini nilijua kuna kitu hata kabla ya siku ile. Usingizi ulikuwa unakatika saa tisa usiku na haurudi. Mgongo na mabega yalikuwa yanauma bila kubeba kitu. Na kulikuwa na jambo moja ambalo sikumwambia mtu: nilikuwa nimeacha kusikia magari. Zamani gari likikunja tu kuingia gereji, dereva hajazima, nimeshajua kama ni koili, plagi au mkanda. Hiyo ndiyo raha ya kazi yangu, mengine ni jasho. Miezi ile injini zote zikawa kelele moja.

Huzuni? Sikuiona. Ndiyo maana neno sonona lilipotajwa mara ya kwanza nililikataa.

Lilitajwa kwenye ile ofisi ya kwanza, dakika ya kumi. Nilitumiwa dodoso kwenye simu, nikalijaza nimesimama nje, nikaingia. Bwana yule akaangalia jumla akasema, "Kumi na saba, kaka. Una sonona. Tutaanza vikao kumi na viwili." Akanigeuzia karatasi ya kulipia vyote kwa mkupuo. Hakuuliza dawa ninazomeza. Hakuuliza nafanya kazi gani. Na kwenye swali la tisa la dodoso lile, linalouliza kama mtu amekuwa akiwaza kwamba afadhali afe au ajidhuru, nilikuwa nimeweka alama. Ndogo, lakini niliiweka, tena kidole kikitetemeka. Aliyelipwa kuisoma akairuka, akaenda kwenye malipo. Nikamwambia naenda kuchukua hela kwenye gari. Sikuwa nimekuja na gari.

Ofisi ya pili nilielekezwa na mteja wangu, mama mmoja mtu mzima ambaye sikutegemea hata siku moja kwamba anajua mambo haya. Hapo nilimkuta mshauri, dada mdogo kwangu kwa miaka kama kumi. Nilianza kwa kumwita daktari. Akanisahihisha palepale: "Mimi ni mshauri nasaha, fundi, si daktari. Naweza kupima, kukuambia ninachokiona na kuzungumza nawe. Dawa na vipimo vya damu ni vya daktari, na ukihitaji nitakupeleka." Kisha akanieleza siri zangu zinaishia wapi: nitakayosema hayatoki pale, isipokuwa akiona uhai wangu au wa mtu mwingine uko hatarini. Hapo angalau nilijua nimekaa kwenye kiti cha nani.

Swali lake la kwanza lilikuwa zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huo: "Mbona umekuja wiki hii, hukuja mwezi uliopita?" Nikamweleza nati. Nikamweleza pia ile 17, nikasema nataka kujua kama ni kweli au mtu alikuwa anauza vikao.

Akasema, "Leo sitakupa jina. Tukimaliza vikao viwili nitakuambia ninachofikiri, na nitakuonyesha nimefikaje hapo."

Nilichukia. Nilikuwa nimeomba ruhusa nusu siku, nimekaa kwenye foleni, halafu narudi mikono mitupu? Lakini nikiwa njiani nikamwelewa kwa upande wa kazi yangu. Mashine ya kupima gari ikiniandikia P0301 inaniambia kitu kimoja tu: silinda namba moja inamisi. Haisemi kama ni plagi, koili, nozeli au kompresheni imeshuka. Fundi anayesoma namba hiyo na kukimbilia dukani kununua plagi ni yule ambaye magari yake yanaishia kwangu. Ile 17 ndiyo P0301 yangu.

Dodoso lenyewe linaitwa PHQ-9. Chombo nisichojua kimetoka wapi huwa sikishiki, kwa hiyo nililitafuta. Lilitungwa na Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke, na utafiti wake ukachapishwa mwaka 2001. Fedha zilitoka kwa Pfizer, kampuni ya dawa, jambo ambalo lilinikunja uso kidogo, ingawa yeyote anaruhusiwa kulitumia bila malipo. Maswali ni tisa, yote kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila swali lina alama kuanzia 0, yaani hapana kabisa, hadi 3, yaani karibu kila siku, na jumla haizidi 27. Ngazi zinapanda kwenye 5, 10, 15 na 20: hafifu, ya kati, ya kati inayoelekea kuwa kali, kali. Katika utafiti ule wa mwanzo, ukikata kwenye 10, dodoso liliwanasa 88 katika kila 100 waliokuwa na sonona kweli, na liliwaacha huru 88 katika kila 100 wasiokuwa nayo. Kwa karatasi ya ukurasa mmoja hiyo ni kazi nzuri. Lakini wanabaki 12 huku na 12 kule, na mimi nilitaka mtu wa kunihakikishia kwamba simo humo.

Tulilirudia pamoja, kwa mdomo, swali moja moja. Kila nilipotaja namba alitaka mfano. Nikisema 3 kwenye usingizi, anauliza nalala saa ngapi, naamka saa ngapi, nikiamka nafanya nini. Namba nyingi hazikubadilika, ila sasa kila moja ilikuwa na kisa nyuma yake. Kukosa hamu na raha, 3. Kujisikia huzuni au kukata tamaa, 1. Usingizi 3, uchovu 3, chakula 2, kujiona sifai 2, umakini 2, kuwa mzito au kutotulia 0, na lile la tisa 1. Jumla ileile, 17.

Pale kwenye 3 na 1 tulikaa muda mrefu. Nilimwambia ona, sina huzuni, basi sina ugonjwa huo. Akasema kwamba sonona haidai machozi. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, DSM, unataka dalili tano kati ya tisa, karibu kila siku kwa wiki mbili, na katika hizo tano lazima iwemo mojawapo ya mbili za mwanzo: ama huzuni ama kukosa hamu na raha. "Ama, fundi," akarudia. Ule wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, ulioanza kutumika 2022, nao unataka tano na unataka mojawapo ya hizo mbili, isipokuwa umeongeza dalili ya kumi, kukata tamaa. Akaniuliza raha yangu ilikuwa nini. Nikamwambia habari ya kusikiliza injini, mara ya kwanza kumwambia mtu. Akaniomba nimweleze injini inayomisi inasikikaje. Nilieleza vizuri tu, kama mtu anayesoma kitabu. Akaniuliza, "Na sasa hivi ukieleza, unasikia nini moyoni?" Sikusikia kitu. Ndipo nilipoanza kuogopa.

Baada ya hapo hakulikwepa swali la tisa. Aliuliza kwa Kiswahili cha wazi, hakutafuta maneno ya pembeni: "Umewahi kuwaza kujiua?" Nilishtuka, halafu nikapumua. Mama watoto baadaye aliniambia angeogopa kuniuliza hivyo asije akanitia wazo. Mshauri alitujibu sote wawili kwamba tafiti hazijaonyesha hivyo. Kuulizwa hakupandi mbegu, na wengi huona nafuu mtu akiwauliza. Kwangu ilikuwa nafuu. Nilimwambia ukweli, kwamba saa tisa usiku huwa nawaza nikilala nisiamke basi. Akashuka ngazi baada ya ngazi: ni kutamani tu au ni kupanga? Nimewahi kuandaa chochote? Nimewahi kujaribu zamani? Kuna kitu nyumbani au kazini ambacho kinanijia akilini? Kuna kinachonizuia? Majibu yalikuwa hapana, hapana, hapana, hapana, na watoto. Pamoja na hapana zote hizo, hatukuondoka bila karatasi: dalili kwamba usiku unaharibika, mambo mawili ya kufanya nikiwa peke yangu, watu watatu wa kupigia simu kwa mpangilio, na mahali pa kukimbilia kama hao hawapatikani. Karatasi ile iko kwenye droo ya vifaa, chini ya seti ya soketi. Kama nawe ungeweka alama kwenye swali hilo, usingoje nafasi ya wiki ijayo. Mwambie mtu leo, au nenda hospitali iliyo karibu.

Kwa sehemu hiyo peke yake ningetoa nyota tano.

Kikao cha pili ndicho kilichonishangaza kama fundi, maana sehemu kubwa alikuwa anatafuta sababu za kusema si sonona. Aliniomba nije na mama watoto kwa nusu ya muda, na nije na kila kidonge ninachomeza, hata vya kununua bila cheti. Nilileta vya maumivu na vya usingizi nilivyopewa na jirani. Vya jirani aliviandika mara mbili.

Alimuuliza mama watoto kama nakoroma na kama pumzi hukatika usingizini, kwa sababu mwenye tatizo hilo huamka amechoka, hana hamu ya kitu, na anaweza kufanana kabisa na mwenye sonona. Nakoroma, ila pumzi haikatiki. Aliuliza pombe, kwa dodoso la maswali kumi la Shirika la Afya Duniani. Nilipata 6. Mpaka wa kuanza kutia mashaka ni 8. Hata hivyo hakuridhika na namba. Alitaka kujua kama nilianza kunywa usiku kabla ya usingizi kuharibika au baada. Baada. Akasema pombe inaharakisha kulala lakini inavunja usingizi wa alfajiri, kwa hiyo hata kama siyo mwanzo wa tatizo, inalichochea.

Halafu akauliza jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu wa ofisini: gereji yangu ina milango mingapi? Nikamwambia mmoja, na dirisha tunalolifunga kwa ajili ya vumbi. Magari mnayawasha ndani? Ndiyo. Mnaosha vipuri kwa nini? Petroli na tina ya rangi. Akaandika. Moshi wa gari una gesi ya kaboni monoksidi, na kuivuta kidogo kidogo huleta kichwa kuuma na uchovu. Kuvuta mvuke wa petroli na tina kwa miaka kunaweza kugusa kumbukumbu, umakini na hata hisia. Miaka 22 nimewaonya vijana wasiwashe gari mlango umefungwa. Yaliyokuwa yananiingia mimi mwenyewe sikuwahi kuyafikiria. Dirisha lile sasa liko wazi.

Kisha akarudi nyuma, siku zangu za juu. Je, kuna wakati nililala saa mbili tatu kwa siku nne, tano, wiki, na sikuchoka, nikaongea mno, nikawa na mipango mikubwa, nikamwaga hela? Nikamweleza mara moja tulipofungua injini nzima ya lori usiku tatu mfululizo. Akauliza, "Ilipokwisha ulifanyaje?" Nililala kama gogo. "Na ulikuwa umechoka?" Hoi. Akatabasamu akasema hiyo ni kazi. Alikuwa anatafuta baipola, ugonjwa wa kupanda juu mno na kushuka chini mno. Mwenye baipola anaweza kuja ofisini wakati yuko chini na akaonekana kama mimi hasa, lakini akipewa dawa za sonona peke yake zinaweza kumrusha juu vibaya. Aliuliza pia kama kuna mtu kwenye ukoo aliyewahi kuwa hivyo. Ofisi ya kwanza swali hili halikuwepo kabisa, na nikikumbuka hivyo moyo unanidunda.

Mwisho ukaja msiba. Mzee aliyenifundisha kazi alifariki miezi 14 kabla. Ndiye aliyenifundisha kuweka bisibisi kwenye injini na sikio kwenye mpini wake. Mshauri alikuwa makini hapa, maana kufiwa si ugonjwa. Aliniuliza nikimkumbuka Mzee inakuwaje, na kama naweza kucheka nikisimulia vituko vyake. Ninaweza. Akaeleza kwamba majonzi mara nyingi huja kama mawimbi, yanamhusu aliyeondoka, na mfiwa hubaki na heshima yake mwenyewe. Mimi nilichokuwa nacho kilikuwa tambarare, kila siku, na kilinihusu mimi: kwamba ni fundi feki, kwamba vijana wananisitiri. Zamani DSM ilikuwa kwa kawaida haiwapi jina la sonona wafiwa wa chini ya miezi miwili. Toleo la tano la mwaka 2013 likaondoa kizuizi hicho, na watu bado wanabishana kama lilifanya vyema. Yeye anasema kalenda haimsaidii sana, anaangalia mtu anajisemaje.

Hapohapo saa ikalia. Dakika 50 zimekwisha. Nilikuwa katikati ya sentensi kuhusu bisibisi ya Mzee, ambayo bado ninayo. Alisema "tutaanzia hapo" na kweli tulianzia hapo, lakini nilitoka nje na jambo limenining'inia kooni siku saba. Najua kuna mtu mwingine anangoja. Nusu nyota imeondoka pale, siombi radhi.

Aliniandikia barua kwa daktari. Daktari, mzee mpole anayeongea kwa sauti ya chini mno, alipima damu, sukari, vitamini B12 na tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, ambayo ikilegea mtu anakuwa mzito, anachoka, anapoteza hamu. Alisikiliza habari ya moshi pia. Nakiri kwamba nilitamani iwe tezi. Tezi ni kipuri, ina kipimo chake na dawa yake, na ningeweza kurudi kazini nikasema "ilikuwa tezi" na kila mtu akaelewa. Majibu yote yalikuwa sawa. Nilikaa kwenye benchi la nje nimekasirika kwamba ni mzima.

Daktari naye akaniuliza maswali yaleyale, kuanzia la kwanza hadi la tisa, kana kwamba barua haikuwepo. Huyo ni mtu wa tatu kumwambia habari ya saa tisa usiku. Nusu nyota ya pili imeondoka hapo, nawagawia wote wawili.

Kikao cha tatu ndipo mshauri alipolitaja jina. Alitoa karatasi tupu akaandika dalili zangu kwa maneno yangu mwenyewe: "kelele moja", "saa tisa", "fundi feki", "nati". Akanionyesha kwamba zilizofikia zaidi ya nusu ya siku ni sita, na lile la tisa huhesabiwa hata likiwa la siku chache, jumla saba. Miezi mitano, si wiki mbili. Kazi imeguswa. Kabla ya hapo sijawahi kuwa hivi, na haijafika miaka miwili ya ile sonona sugu isiyokatika. Vilivyoweza kuigiza vimeangaliwa kimoja kimoja. "Kwa hiyo ninachoona ni kipindi cha kwanza cha sonona, cha kiwango cha kati, na daktari anakubaliana nami. Hiki nilichoandika kinafanana na ulichoishi?"

Nikambana: dodoso linasema 17, yaani ya kati inayoelekea kuwa kali, mbona yeye anasema ya kati? Akasema ngazi ya dodoso ni ya dodoso. Yeye anaangalia pia kwamba bado naenda kazini, bado naongea na watu nyumbani, na yale mawazo ya usiku hayana mpango. Akaongeza lingine nililolipenda: akaniambia ni kitu gani kingemfanya abadili mawazo. Nikija siku moja silali na sichoki, au maumivu ya kichwa yakizidi, au majonzi ya Mzee yakianza kumeza kila kitu, tunafungua upya. Mafundi wachache sana wanaweza kumwambia mteja hivyo.

Niliuliza pia kwa nini hakutumia lile dodoso la Aaron Beck nililoliona mtandaoni, la maswali 21, la tangu 1961. Akasema ni zuri, linalipiwa, na kwa kazi yake hili la tisa linatosha kwa sababu analirudia. Basi, hatukuendelea.

Malalamiko madogo. Dodoso lina maswali yaliyobeba vitu viwili vinavyopingana: kukosa usingizi au kulala mno, kukosa hamu ya kula au kula mno, kuwa mzito au kutotulia. Ni kama kumuuliza dereva kama injini inachemka au inapoa kupita kiasi, akakujibu "ndiyo". Bila mtu wa kukuuliza "kipi?" jibu lako halina maana. Tafsiri yenyewe imekaa kitabuni, na kuna sentensi nilisoma mara tatu. Neno sonona nalo si kila mtu analo. Kuna wanaosema unyogovu, na vijana wangu wanasema tu "fundi ana mawazo". Mshauri anayatumia yote, kutegemea nani amekaa mbele yake. Ripoti ya maandishi ilichukua siku tisa. Hakuna saa za jioni. Viti vya kungojea vinatazamana, kwa hiyo unakaa ukiangalia viatu vya mwenzio. Na mlango wa chumba unalia, bawaba ya juu. Hili la mlango nililigundua kikao cha sita. Nilipomwambia aliandika kitu kwenye daftari lake.

Kila baada ya vikao viwili tunarudia maswali tisa. Imekuwa 17, 14, 15, 9. Ile 15 ilinivunja moyo, lakini alisema kupanda kwa pointi moja si habari. Wanaanza kusema mambo yamebadilika yakishuka angalau 5, na kinachotafutwa hasa ni kufika chini ya 5. Bado sijafika.

Ukienda, beba dawa zako zote, hata za jirani. Andika usingizi wako wa wiki nzima, saa ya kulala na saa ya kuamka. Nenda na mtu anayekuona kila siku kama unaye wa kumwamini. Ukipewa jina dakika ya kumi, uliza ni nini kingine wamekiangalia. Foleni ya miadi ni wiki tatu kwa kawaida. Ukisema kwenye simu kwamba unawaza kufa, wanakupokea siku hiyohiyo, nimelishuhudia kwa mwingine. Mlango bado unalia.